Mapaja ya Mzee Ngazi

Watu hudanganya kwa mdomo. Mzee Ngazi alidanganya kwa mapaja, na msimcheke kabla hamjanisikiliza mpaka mwisho.

Alikuwa fundi rangi. Miaka arobaini alipanda ngazi na kopo mkononi, jina likamganda kuliko rangi yenyewe. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Binti yake aliolewa mbali. Kila Jumapili hupiga simu kuuliza kama baba amekula, akiambiwa amekula, basi, wanaagana. Chumba cha mzee kilikuwa ghorofa ya tatu: kitanda, meza, viti viwili. Kiti cha pili alikifuta vumbi kila asubuhi ingawa hakikuwa na mkaaji. Zilipita hata siku nne hajasikia sauti yake mwenyewe, labda akikohoa. Upweke ulikuwa unamla, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja aliona tangazo ukutani kwenye zahanati. Chuo kinatafuta wazee wenye afya, waje kuendesha baiskeli. Akaona baiskeli haiwezi kumshinda mtu aliyeishi juu ya ngazi, akaenda.

Kumbe baiskeli yenyewe imefungwa sakafuni, haina safari! Mwanafunzi aliyefanya utafiti ule, dada mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio, alimweleza taratibu. Atavaa barakoa ya mpira yenye bomba, hivyo hataweza kuongea. Jumanne moja atapumua kwa raha. Jumanne inayofuata bomba litawekewa kizibo chenye tundu dogo. Alitaka kujua mwili ukibanwa pumzi unatumia oksijeni kiasi gani wakati wa kazi, na kiasi gani baadaye. Kwa hiyo mzee akishakanyaga dakika kumi, ataketi kitini, barakoa usoni na shuka magotini, mpaka namba ya oksijeni kwenye skrini irudi ilipokuwa kabla hajaanza.

“Miguu ikisimama, mwili haujamaliza, baba,” alisema. “Bado unaitafuta hewa uliyoikosa.”

Jumanne ya tundu dogo ilikuwa shughuli. Kufika dakika ya sita kifua kinawaka, miguu imekuwa mizito, hewa anaivuta kama mtu aliyebandika mdomo kwenye tundu la ufunguo. Lakini kule kupumzika, acheni tu! Utaratibu ulikataza kumwacha mtu peke yake, basi dada alivuta kigoda akaketi karibu, na ili muda usogee akapiga soga. Paka wa jirani aliyezalia kwenye kabati la nguo. Mama yake anayebishana na redio, na redio ndiyo inayoshinda. Mzee hakuweza kujibu, akawa anatikisa kichwa huku macho yanacheka. Tangu afiwe na mkewe hakuna aliyemsimulia jambo lisilo na maana. Kisha namba ikarudi mahali pake, barakoa ikavuliwa, na dada akageukia kompyuta, kimya, anaandika. Wakaagana mpaka Jumanne.

Jumanne ya tatu mzee akapata ujanja. Akibana mapaja chini ya shuka, akaachia, akabana tena, namba inagoma kushuka. Wazee wenzake kwenye utafiti walitulia kwa robo saa. Yeye nusu saa, mara dakika arobaini, tundu liwe dogo liwe kubwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumanne ya nane alimkuta dada ameshika barua, macho mekundu. Akamwambia kuwa mwili wenye afya hauchelewi hivyo, anahofia moyo wake, na barua ile ni ya hospitali. Baiskeli hatapanda tena. Mzee angeweza kuipokea na kuondoka na heshima yake. Lakini mtoto wa watu analilia ugonjwa usiokuwepo! Akaisukuma barua kando.

“Mwanangu, moyo hauna neno. Nilikuwa nabana mapaja chini ya shuka.”

“Kwa nini, baba?”

“Ukimaliza kupima, unanyamaza.”

Dada hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimweleza kwa upole kwamba namba zake zote za kupumzika zitafutwa, na utafiti unafungwa wiki ile. Akamwita daktari msimamizi, naye akampima moyo mzee, akaukuta mzima, akaruhusu jaribio moja la mwisho la tundu dogo. Safari hii, dada alisema, wote wawili watakaa kimya.

Mzee akakanyaga mpaka jasho likamtoka. Akaketi. Mapaja aliyaacha yalale, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Dada aliketi kwenye kigoda kilekile, macho kwenye skrini. Dakika ya kumi na nne namba ikarudi. Dada akamshukuru mzee, akampa mkono, mikono yote miwili, wakaagana, na safari hii Jumanne haikutajwa.

Alasiri mzee alipanda ngazi za nyumbani bila kupumzika njiani, akafika juu anahema. Akaketi mkabala na kile kiti cha pili, akisikiliza pumzi yake. Ikashuka, ikashuka, ikatulia. Akajikuta anabana mapaja.