Vikombe vya Mama

Mama alinikatalia kuhamia kwangu Buffalo kwa sababu ya chai. Nilikuwa nimenunua nyumba mtaa wa Black Rock, nyumba kuukuu ya mbao, iliyoinama kidogo upande wa mtoni, nikampigia simu Louisville kumwambia chumba chake kiko tayari, kina dirisha na kitanda kipya. Akacheka. "Bon, na Jumamosi nitakunywa chai na nani huko? Na wewe? Wewe unalala mchana kama popo." Ni kweli, nafanya zamu ya usiku kiwandani Tonawanda. Lakini iliniuma. Nyumba nzima, na ndani yake ni mimi na friji linalonguruma.

Hiyo chai lazima niieleze. Sisi ni Batwa. Wazee wetu waliishi ndani ya msitu, milimani, mashariki ya Kongo, mpaka serikali ilipoamua kwamba msitu ni wa wanyama na watalii, ikawatoa. Mama alikuwa msichana. Wakakaa pembeni ya mashamba ya watu, wakilima kwa malipo ya mihogo. Majirani waliwasalimia vizuri tu, ila kikombe hawakuwapa. Ukiwa na kiu unakinga viganja, unamiminiwa maji. Kwenye arusi unapewa kibuyu chako kilichovunjika mdomo, na hakuna mwingine anayekigusa. Mama alikulia hivyo. Mimi pia nilikinga viganja, na hadi leo nikikumbuka nataka kumpiga mtu.

Tulipokimbilia kambini Burundi hatukusema sisi ni nani. Louisville vilevile. Mama alipanga mizigo kwenye ghala huko Jeffersontown mpaka magoti yakakataa, na kanisani akapata wenzake, akina mama wa kwetu kulekule mashariki, wa makabila mengine. Wakawa wanakuja kwake kila Jumamosi asubuhi kuomba na kunywa chai ya maziwa. Akawanunulia vikombe vya udongo, vizito, vya rangi ya bluu. Jumamosi ya kwanza alinipigia. "Jirani wa juu amekunywa kwangu! Alikichukua kikombe mkononi mwangu, aone kama sukari imetosha, akanywa, akanirudishia." Nilikuwa naendesha gari. Nikasimama pembeni ya barabara nikalia. Asinicheke mtu.

Halafu serikali ya jimbo kule Kongo ikaja na neno lake. Mjomba, mdogo wake mama, ambaye hakuwahi kuondoka kule, alinipigia akipiga kelele kushinda upepo. Gavana amekubali familia za Batwa zirudishiwe ardhi ukingoni mwa msitu, penye vijiji vyao vya zamani, na ruhusa ya kuingia kuwaona wafu wao. Tume inakuja kupima. Lakini wanataka mtu aliyezaliwa kijijini mle aeleze kilikuwa wapi. Mjomba mwenyewe alitoka msituni akiwa mgongoni. Wazee wamekwisha. Mwenye kukumbuka amebaki dada yake tu, na dada yake yuko Louisville, Kentucky. "Wakikosa wa kuwaelekeza," alisema, "ardhi itakwenda kwa wakata mbao."

Nikaomba likizo, nikawasha gari kwenda kwa mama. Njiani nililala Columbus kwa kaka yangu mkubwa. Mkewe ni wa kabila lingine na hajui lolote, kwa hiyo tuliongea gereji, mlango umefungwa, kama wezi. "Wanangu wananijibu Kiingereza tupu," kaka akasema. "Neno Mtwa hawajawahi kulisikia. Donc, uliache lilale." Nikamwambia anamwonea haya mama yake mzazi. Akaniambia nishushe sauti. Niliondoka alfajiri bila kuaga.

Mama alinisikiliza akiwa anachambua maharage. Akayaosha, akayaweka motoni. Tume ilikuwa ipige simu Ijumaa, tukakaa na simu mchana kutwa, kumbe mvua imewazuia njiani. Jumamosi asubuhi akina mama wakafika, wakaketi, chai ikamiminwa, na hapo ndipo simu ilipolia. Mama akaweka sauti kubwa kama kawaida yake, maana masikio yake ni mazito. Nilinyoosha mkono niipeleke simu chumbani. Akanizuia.

"Acha. Mtandao wa chumbani ni mbaya."

Mtu wa tume alikuwa na adabu zake. "Mama, tunakushukuru. Kwanza, wote walio hapa wasikie: wewe ni wa kabila gani?"

Mama akatazama vile vikombe, kimoja kimoja. Angeweza kukata. Mtandao wa kule hukatika kila mara, nani angejua? Nilimwomba Mungu akate, na papo hapo nikamwomba asikate.

"Niko Mtwa," mama akasema. "Nilizaliwa mule ndani. Mama yangu naye, na mama yake."

Akawaelekeza. Wasimame pale vijito viwili vinapokutana, wapande, maji yakae mkono wa kushoto. Watakuta jiwe kubwa limepasuka. Nyumba zilikuwa chini yake, na kaburi la baba yake liko nyuma ya jiwe hilo. Tukasikia miguu, majani, mtu anakohoa. Muda ukapita, chai ikapoa. Kisha mjomba akapaza sauti: "Dada! Tumelifikia jiwe!" Kule wakapiga vigelegele. Mama akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanamcheza. Sebuleni hakuna aliyepiga kigelegele. Akina mama waliomba, sala fupi, wakasema hongera, wakatafuta viatu vyao. Vikombe vilibaki nusu nusu mezani.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa bado nipo. Walikuja, tena kwa kicheko na habari tele. Mmoja, jirani wa ghorofa ya juu, yule aliyeonja sukari siku ya kwanza, alikuwa na pakiti ya vikombe vya karatasi. "Tukupunguzie kuosha, mama, na hayo magoti yako!" Wakagawana. Kila mtu na chake. Hakuna aliyeonja cha mwenzake.

Nilisimama, matusi yamenijaa mdomoni. Mama akanivuta shati. "Keti. Kunywa." Akanywa chake mpaka mwisho, akimuuliza yule jirani kama mtoto wake amepona kikohozi.

Walipotoka nikalipuka. Nikamwambia twende Buffalo leo hii, watu gani hawa, na bado wanajiita wacha Mungu! Mama alikuwa anaokota vile vya karatasi, anavitumbukiza kimoja ndani ya kingine.

"Wamekuja, si wamekuja?" akasema. "Nilifikiri hawatakuja."

"Mama, unajuta?"

"Naumia. Naumia sana, mwanangu. Lakini sasa baba yangu wanajua alipo."

Kisha akavifunga vya bluu katika kanga, akanitilia kwenye gari. Nilimwambia sina wageni. Akasema na yeye hana wa kuvitumia. Alibakiza kimoja.

Mjomba anasema ardhi imepitishwa. Wameanza kujenga, na nyuma ya lile jiwe wanafagia. Alituma picha, nikaipeleka kwa kaka, Columbus, na mpaka leo hajanijibu.

Vikombe viko kwenye rafu yangu, Black Rock. Jumamosi nikitoka zamu silali. Nachemsha chai ya maziwa na kungoja, na wageni wake wakishaondoka mama hunipigia, ameshika kile alichobakiza. Wanakuja bado, na karatasi zao. Tunakunywa kwa simu, hatuongei sana. Ananiuliza kama sukari imetosha. Halafu yeye anaosha chake, na mimi naosha changu.