Sahani ya Somoe

Ipo siku moja haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na tangu niliposikia kwamba umechaguliwa kwenda kuwaeleza wanafunzi habari za Waislamu na dini yao, siku hiyo inanirudia kila ninapokaa peke yangu. Sikukatazi kwenda. Hata mimi nilikwenda. Kaa nikusimulie, maana sitaki likupate lililonipata.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa. Sisi wa Ziwani tulikuwa tumeshahamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, mikorosho yetu tumeiacha mbali tunaifuata kwa miguu. Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Nilifundisha kisomo cha watu wazima, wengine wazee kunizidi mara tatu, na kwa sababu hiyo watu waliniona msomi. Nami nikakubali kuonwa hivyo.

Mjini palikuwa na shule ya sekondari ya wasichana, ya bweni. Wanafunzi walitoka kila upande wa nchi, na wengine hawakuwahi kuishi na Mwislamu hata siku moja. Mkuu wa shule akaomba watu wa kujitolea, kanisani na msikitini, waje wawaeleze wasichana dini za wenzao. Maalim wangu wa madrasa, Maalim Mfaume, alinichagua mimi. Alisema Kiswahili changu kimenyooka, chake kimejaa Kimakonde. Akanifundisha wiki nzima: nguzo za dini, udhu, swala, funga. Nikayashika yote.

Siku ya kwanza nilizungumza bila kukwama. Wasichana waliandika. Nilikuwa nakaribia kumaliza, moyo umejaa furaha, mmoja akanyoosha mkono. Aliitwa Rufina, msichana wa Mbinga, mrefu, mwenye adabu sana.

"Dada, naomba kuuliza. Sisi tunakula pamoja na mwenzetu Mwislamu. Je, dini yenu inawaruhusu kutumia sahani tuliyotumia sisi?"

Maalim hakunifundisha habari za sahani. Nilisimama pale, macho yote yananitazama, na kilichonijia kichwani ni bakuli moja la bati nyumbani kwetu. Mama alilitenga kwa ajili ya Rafaeli, Mkristo aliyekuwa akija kutupogolea mikorosho. Sikuwahi kuuliza kwa nini lilitengwa. Nikasema, tena kwa sauti ya kujiamini, "Hapana, hairuhusu. Kila mmoja awe na sahani yake."

Wakaandika. Ee, mwanangu, waliandika na hilo.

Baada ya wiki mbili nikarudi kwa mazungumzo ya pili. Nilifika saa ya chakula cha mchana. Wasichana walikuwa wamekaa makundi makundi, ugali na maharage katikati. Nyuma ya jiko, kwenye kizingiti, alikaa msichana mmoja peke yake. Sahani yake ilikuwa na alama ya rangi nyekundu ukingoni. Nikamsalimu, nikamuuliza jina. Somoe, wa Kilambo, huko mtoni Ruvuma.

"Mbona umejitenga, mdogo wangu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Si wewe uliyesema?"

Kabla sijajibu, Rufina akatokea na maji ya kunawa. Akafurahi kuniona. "Dada, tumefuata ulivyotufundisha. Sahani ya Somoe naiosha mimi mwenyewe, peke yake, kwa maji mapya. Hakuna anayeigusa."

Angekuwa amefanya kwa dharau ningejua la kumwambia. Lakini alikuwa amefanya kwa heshima, kila siku, kwa mikono yake. Hao wawili walikuwa marafiki wakubwa, ndivyo nilivyoambiwa baadaye. Walikuwa wakilala vitanda vilivyopakana, wakilima tuta moja katika shamba la shule.

Rufina alipoondoka, Somoe aliniambia kwa sauti ndogo, "Dada, bibi yangu mzaa mama ni Mkristo. Nimekula mkononi mwake tangu mtoto. Nyumbani kwetu hakuna aliyesema ni vibaya. Sasa sijui. Tumekosea miaka yote hiyo?"

Nilitakiwa kumjibu palepale. Sikujua kama niliyoyasema ni ya kweli au si ya kweli. Niliingia darasani nikazungumza habari za funga, sentensi zangu zinapotea njiani, nikaondoka bila kumuaga mtu.

Nyumbani nilimfuata mama shambani, anachimba mihogo. "Mama, lile bakuli la Rafaeli, ulilitenga kwa ajili ya dini?"

"Dini gani? Rafaeli alikuwa na kikohozi kibaya."

"Na yule Mkristo mwingine aliyekuja kupogoa baada yake, ambaye hakuwa na kikohozi? Mbona naye ulimpa bakuli lilelile?"

Mama akaacha kuchimba. Akafikiri. "Sijui, Esha," akasema. "Nilishazoea." Kisha akanitazama kwa wasiwasi. "Kwani nilifanya vibaya?"

Nilikwenda kutafuta jibu, nimempa na mama swali langu.

Maalim Mfaume nilimkuta msikitini. Nilimweleza yote. Nilidhani atanipigia kelele. Hakupiga.

"Chakula cha watu waliopewa vitabu, Wakristo na Wayahudi, tumeruhusiwa," alisema. "Nguruwe na vilivyoharamishwa ndivyo tunavyojizuia. Sahani huoshwa, basi. Wapo wanaojizuia zaidi ya hapo, na wana sababu zao, siwezi kuwasemea." Halafu akaniuliza, "Binti yangu, nilikutuma ukaseme unalolijua. Hili nani alikutuma?"

Nikamwambia nilijituma mwenyewe.

"Ungesema hujui. Ingekupunguzia nini?"

Nilikwenda shuleni kesho yake. Mkuu wa shule aliwakusanya wasichana, nikawaambia kwamba nilikosea, kwamba nilisema nisilolijua. Rufina akasimama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa kama mimi.

"Dada, siku ile ulisema kwa uhakika. Leo unasema kwa uhakika. Tutajuaje lipi la kushika?"

Nikamwambia asinishike mimi, akamuulize Maalim, amuulize na Somoe namna wanavyoishi kwao. Ndipo akalia. Somoe hakuwepo. Baba yake alisikia kwamba anakula peke yake, akaja siku iliyotangulia akamchukua.

Kilambo ni mbali. Nilipata lori hadi njiani, kwingine nikatembea. Baba yake Somoe, mkulima wa mihogo, alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. "Shule mlisema nimpeleke, nikampeleka," alisema. "Amerudi haelewi hata kama amguse bibi yake au asimguse. Sasa mwambie mwenyewe."

Somoe alikuwa amekaa karibu na bibi yake, wanamenya mihogo. Nilipiga magoti nikamwomba radhi mbele ya bibi. Bibi ndiye aliyenishika bega akaniinua. Somoe aliendelea kumenya.

Alirudi shule muhula uliofuata, na alimaliza. Walikula pamoja tena na Rufina. Lakini Rufina aliniambia kwamba kila alipopeleka mkono kwenye ugali, kwanza alimtazama Somoe usoni. Hawakuwa hivyo zamani. Nami hadi leo sijui kama Somoe alinisamehe. Tulipokutana mjini tulisalimiana vizuri, tukaulizana hali, basi. Sikuthubutu kuuliza.

Basi sikia, mwanangu. Utakaposimama mbele ya watoto wale, watakusikia kana kwamba Waislamu wote wanazungumza kwa kinywa chako. Wanaokuamini kidogo na wanaokuamini sana wataandika yaleyale. Sema ulilofundishwa. La nyumbani kwenu sema ni la nyumbani kwenu, usiliite dini mpaka umeuliza. Wakikuuliza usilolijua, sema sijui, nitakwenda kuuliza, kisha uende kweli ukaulize na urudi kuwaambia. Utaona aibu kidogo, itapita njiani kabla hujafika nyumbani. Na kabla ya kuzungumza, mtafute mtoto wa Kiislamu aliyemo darasani humo, umjue jina, maana wewe utaondoka na yeye atabaki na maneno yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi mwepesi kwa unalolijua, na mzito kwa usilolijua. Akurudishe salama, na wale watakaokusikiliza wabaki salama pia. Amina.