Masikio ya Fundi wa Kabureta

Mume wangu alikuwa fundi wa kabureta, na masikio yake yalikuwa yamekufa. Bomu la mkono lililipuka karibu na gereji alikokuwa akifanya kazi Bujumbura, mwaka ule tuliokimbia. Sikio la kushoto halikurudi kabisa. La kulia lilisikia kwa mbali, alisema, kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi. Tulipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, hakumwambia mtu. Alisoma midomo ya watu, na asipoelewa alicheka kidogo na kuitikia kwa kichwa. Majirani walimwona ni mtu mpole.

Fundi wa breki anaweza kuishi bila masikio. Wa kabureta ni vigumu. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye moteri. Petroli ikizidi, moteri inakohoa na kutoa moshi mweusi. Hewa ikizidi, gari linakuwa jepesi na kukimbia sana, lakini ndani linajiunguza. Fundi husikia mambo hayo kabla hayajaonekana. Kwa hiyo mume wangu alinifundisha mimi kusikia. Nilisoma mpaka darasa la sita, na sikuwahi kushika spana, lakini baada ya miezi michache niliweza kumwambia moteri inataka nini.

Tulikuwa na njia yetu. Yeye aliinama juu ya moteri na bisibisi, mimi nilisimama nyuma yake nimeshika kitambaa na kopo la mafuta ya kujipaka alimoweka vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu, ambavyo yeye aliviita zhikleri. Petroli hupita katika tundu hilo. Tundu likiwa dogo, petroli inapungua. Nikimbonyeza ubavuni mara moja, maana yake petroli ni chache. Mara mbili, imezidi. Nikiweka kiganja mgongoni na kukituliza, ni hapo hapo, acha.

Gari tulilolihudumia zaidi lilikuwa la Mmalawi mmoja, mtumishi wa ofisi za serikali kule Capital Hill, Lilongwe, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Aliwahi kukaa Dar es Salaam akaokota Kiswahili. Gari lake lilikuwa dogo, la zamani, limeng'olewa viti vyote isipokuwa cha dereva, na lilikuwa na kazi moja tu. Baadhi ya Jumapili, yeye na wenzake walikutana kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa, nje ya Lilongwe. Magari mawili yalisimama sambamba, mtu akashusha kitambaa, yakaruka mbele kwa mstari ulionyooka, na baada ya kuhesabu kama kumi na tano hivi shughuli ilikuwa imekwisha. Watu wazima walisafiri kutoka mbali kwa ajili ya hilo. Mara ya kwanza niliona ni upuuzi. Baadaye nami nikawa nasimama kwa vidole vya miguu ili nione.

Gari lililala katika gereji ya kaka yake, mtaa wa Chilinde, mjini. Mafundi wa pale walitutania, yeye wakimwita achimwene, yaani kaka, na mimi amayi, mama.

"Achimwene, huwezi kufungua skrubu bila amayi kukushika?"

"Anamlinda. Wasichana wa Chilinde ni wabaya."

Mume wangu, aliyekuwa amesoma nusu ya maneno hayo midomoni mwao, alijibu, "Huyu njo boss. Mi ni mutumishi." Wakacheka, na hakuna aliyejua kuwa alikuwa amesema kweli.

Mwenye gari alituahidi jambo. Kama gari lingeshinda katika mashindano ya mwisho wa kiangazi, kaka yake angemchukua mume wangu moja kwa moja pale gereji, na sisi tungepewa chumba uani kwake, Area 25. Chumba cha matofali, karibu na hospitali. Tulikuwa na mtoto mmoja, wa kike, aliyekuwa anaanza kutembea kwa kushika ukuta, na alikuwa mtoto wa homa. Kwa hiyo kila tulipokuwa juu ya moteri ile, mimi nilikuwa nasikiliza kile chumba.

Wiki ya mashindano mtoto alishikwa na homa tena. Jumatano asubuhi mume wangu alisema anakwenda Chilinde kusafisha kabureta tu, kazi ya mikono, haihitaji masikio. Nilimwambia mtoto yuko vibaya leo. Akamgusa paji la uso, akasema, "Ni kama siku zote, Mama. Nitarudi mapema." Akapanda lori. Mtoto alifariki saa tisa alasiri, mgongoni kwangu, nikiwa kwenye foleni ya zahanati. Yeye alirudi jua likizama, ananuka petroli, na alijua alipoona wanawake wameketi mlangoni.

Tulimzika Alhamisi.

Kwetu Burundi, nyumba iliyofiwa huingia katika ikigandaro. Hamshiki jembe, hamfanyi kazi, mpaka siku ya kuondoa msiba ifike na watu waje muanze upya pamoja. Kwa mtoto mdogo siku ni chache, lakini mama hatoki uani. Kambini watu walikuwa wamelegeza mengi, hili hawakulilegeza. Baba aliweza kutoka kama kuna shida kubwa. Mama hapana.

Jumamosi mwenye gari alikuja na sukari na unga. Alikaa kwenye mkeka na suruali yake ya ofisi, akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Pole sana, amayi. Mashindano ni kesho. Siwezi kuwalazimisha."

Akatoka kungoja kwenye gari lake jingine, la kwendea kazini. Mume wangu akabaki ananitazama midomo.

"Mama, tunaweza kwenda?"

"Niko mu kigandaro," nikamwambia.

Akainuka. "Ni kweli. Unisamehe kukuuliza."

Akachukua kopo la zhikleri na bisibisi, akaenda.

Gari lilikuwa bado halijawaka wakati mama mzee aliyeongoza maombi ya wanawake aliponijia. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa jirani. Yeye peke yake kambini alijua habari ya masikio, maana nilimwambia nilipokuwa mjamzito.

"Kimbia, umufate," akasema. "Mi naruhusu. Vaa nguo yako ya musiba, wende. Nitaongea na bantu."

"Mila ni mila, mama."

"Mila ni yetu sisi, hapana ya moteri. Wende, mwanangu."

Nilisikia gari likiwaka. Silansa yake, lile bomba la moshi, ilikuwa na tundu, ningeijua popote. Nilikaa. Ikaenda mpaka barabarani, ikageuka, ikapotea.

Watu waliniona mwanamke mwenye kushika mila. Haikuwa mila. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu ya Jumatano, na hasira hiyo ilipata nguo nzuri ya kuvaa. Nilijua anakwenda bila masikio. Nilijua vizuri.

Jumapili jioni alirudi kwa miguu kutoka barabara ya lami. Aliketi kwenye kizingiti akanisimulia bila kunitazama. Mara ya kwanza gari lilishinda, kwa urefu wa bodi moja ya gari tu. Mwenye gari akataka kasi zaidi kwa ajili ya fainali. Mume wangu akaweka zhikleri ndogo, gari likawa jepesi, likaruka vizuri kwenye majaribio, kila mtu akapiga makofi. Akaweka ndogo zaidi. Hapo moteri huanza kulia ndani kwa ndani, kikikiki, kama maharage makavu yakimwagwa kwenye sinia. Ningesikia. Ningembonyeza mara moja na angerudisha ile ya kwanza. Katikati ya fainali gari lilitoa moshi wa buluu na kuzima. Pistoni ilikuwa imetoboka.

Alitoa plagi mfukoni akaniwekea kiganjani. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama mfupa, alama ya moteri iliyonyimwa petroli.

"Nilikuwa nangoja unibonyeze," akasema. "Nilikuwa nasahau kila mara kama hauko."

Mwenye gari hakugomba. Alimpa nauli, akamwambia ni bahati mbaya. Chilinde hatukuitwa tena, na Area 25 nilipita siku moja tu, kwa miguu, miaka baadaye.

Msiba ulipoondolewa, mama mzee alinipa jembe mkononi kama inavyotakiwa, tukalima mistari miwili pamoja. Mume wangu alisimama pembeni na bisibisi. Pale sokoni kambini kulikuwa na mashine ndogo ya petroli ya kusaga mahindi, na mwenye mashine alikuwa amemwita kwa sababu inakohoa.

"Twende?" akaniuliza.

Nilikwenda. Aliinama, nikasimama nyuma yake. Nikambonyeza mara mbili, akageuza skrubu. Mara mbili tena. Kisha nikatuliza kiganja, na moteri ikanyooka. Chini ya kiganja changu mgongo wake ulikuwa unatetemeka. Alikuwa analia kwa sauti, na mwenye mashine alikuwa ameacha kazi anamtazama. Yeye mwenyewe hakujua kwamba anasikika.

Tulifanya kazi ya mashine zile miaka mingi. Mara kwa mara aliwasimulia watu habari ya gari lile, na kila mara alimaliza hivi: "Mama alikuwa mu kigandaro. Mila ni mila." Alinitetea. Nami kila mara nilitaka kumwambia habari ya mama mzee na ile silansa iliyokuwa ikingurumia barabarani. Lakini mtu asiyesikia, ukitaka kumwambia kitu, lazima usimame mbele yake akutazame usoni. Nilimzika bila kufanya hivyo.