Portibagaji Chini ya Kitanda cha Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kichwa changu kimekataa kabisa kuiachilia, ingawa majina ya majirani nayasahau na jana nimeweka chumvi mara mbili kwenye mboga ya sombe. Imenirudia leo asubuhi nilipokuona umeegemeza baiskeli yako mpya kwenye nguzo pale sokoni Mudzipela. Ulipitisha mnyororo kwenye kiti, ukabonyeza kufuli, ukaondoka zako unapiga mluzi, na bado iko pale. Nilitaka kukuita, lakini sauti yangu siku hizi haivuki barabara yenye pikipiki. Basi kaa hapa nikueleze wakati nachambua maharagwe haya. Na hiyo simu iweke mfukoni.

Baba yangu alikuwa msukuma baiskeli, na baiskeli sisi tunaiita kinga. Alikuwa anapakia viazi na kabichi kule kwetu, kwenye vilima vya karibu na Kpandroma, anavisukuma mpaka Bunia, kisha anarudi na chumvi na sabuni za wafanyabiashara. Hakuwa anapanda juu, mzigo ulikuwa unamzidi mwenyewe kwa urefu. Walikuwa wanasukuma kwa miguu, kundi zima pamoja, kwa sababu njia ile mtu hakwenda peke yake. Baiskeli ile ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Nyuma yake kulikuwa na portibagaji, kile chuma cha kubebea mizigo, ambacho baba alitengenezewa na fundi kwa vyuma vinene. Juu ya chuma hicho alimpeleka mama kunizaa mimi. Juu ya chuma hicho hicho, miaka mingi baadaye, alimrudisha mama kutoka zahanati akiwa amefunikwa kitenge mwili mzima, tukamzika nyuma ya nyumba karibu na mikaratusi.

Sasa baba alikuwa na tabia moja iliyotuaibisha sana. Kila aliposimama mjini, alitoa spana kwenye koti, akafungua kiti, akafungua gurudumu la mbele, kisha akafunga fremu na gurudumu la nyuma kwa mnyororo mmoja kwenye kitu kilichosimikwa ardhini. Kila nati aliyoifungua aliirudisha palepale kwenye bolti yake na kuikaza kwa vidole, maana alisema nati ya mfukoni huwa haifiki nyumbani. Baada ya hapo aliingia alikokuwa anakwenda, kiti kwapani na gurudumu mkononi. Aliingia hivyo dukani na aliingia hivyo kanisani. Wenzake nao walibeba viti vyao, lakini baba alizidi. Wakati wa kuimba alisimama na kile kiti amekikumbatia kifuani, analia machozi ya kweli kwa utamu wa wimbo, na gurudumu lake limeegemea benchi.

Kaka yangu mkubwa, Yaya Ngabu kama nilivyomwita kwa heshima, alikuwa anasoma hapa mjini. Alikuwa kijana wa suruali zilizonyooshwa kwa pasi, na shati lake halikuwahi kuona doa la grisi. Jumapili tukiwa kanisani hapa mjini alikaa benchi la mwisho, ungedhani alizaliwa na watu wengine. Siku moja alishindwa kuvumilia, akamwambia baba mlangoni pa kanisa, "Baba, batu banatuangalia."

"Baangalie," baba akajibu, anafunga kiti chake taratibu. "Macho yabo haitanibeba mpaka kwetu. Ngabu, kitu yote yenye inatoka, uitoe weye mwenyewe. Ukiiacha, mwizi ataitoa."

Ngabu alicheka. Mimi pia nilicheka, mwanangu, nisikufiche.

Kisha baba akaugua akiwa huku Bunia na mzigo. Tumbo lilivimba, miguu ikaisha nguvu, akalazwa hospitalini, na mimi kama binti yake nikashuka kuja kumpikia na kumwosha. Baada ya majuma kadhaa daktari alituita pembeni akatuambia kwa upole kwamba dawa zimefika mwisho. Baba hakuhitaji kuambiwa. Alinishika mkono, akaniambia jambo moja tu alilokuwa analitaka: afie kwetu, alale karibu na mama. Gari hatukuwa na uwezo nalo. Lakini wenzake wa njia walikuwa wanapanda kurudi vilimani kesho yake alfajiri, wakakubali kusindikizana naye. Baiskeli zao zilikuwa zimeshajaa mizigo ya watu, kwa hiyo angekaa kwenye yake mwenyewe, juu ya portibagaji yake, godoro chini na kamba kiunoni, nao wangepokezana na Ngabu kusukuma. Alipopata habari hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, aliomba chai.

Ngabu alikuwa ndiye anayeitunza baiskeli. Mchana ule aliileta hospitalini ili tumpeleke baba Mudzipela kwa shangazi, alale huko, wenzake wampitie. Nje ya lango kulikuwa na wasichana wanaosomea uuguzi wamekaa ukutani wanakula karanga. Sijui walimwangalia au hawakumwangalia. Ninachojua, kwa kinywa chake mwenyewe, ni kwamba aliona haya kuchutama mbele yao na spana na kuchafua mikono kwa grisi. Akatafuta chuma kilicho kinene kuliko vyote kwenye baiskeli, akaona ni portibagaji, akapitisha mnyororo hapo, akaufunga kwenye mlingoti wa kibao cha hospitali. Kwa macho ilionekana imara kabisa. Lakini portibagaji, mwanangu, hata iwe nene namna gani, inashikwa na nati tu.

Aliingia, tukasaidiana kumwosha baba, tukamvalisha shati safi na koti lake la safari. Ngabu akatoka kwenda kuweka godoro tayari. Alikawia. Nilianza kukasirika. Kisha nikamwona anaingia wodini polepole, amebeba portibagaji kwapani, uso umemkauka kama mtu aliyeamshwa ghafla. Alikuta imening'inia kwenye mlingoti, imefungwa kwa kufuli vizuri kabisa. Baiskeli haikuwepo.

Kabla hajafungua mdomo, baba akamwona. Akanyanyua kichwa kwenye mto, uso wote ukafurahi.

"Umeitoa!" akasema. "Ee, Ngabu. Leo njo umesikia maneno yangu. Leo umekuwa mutu mukubwa."

Ngabu akanitazama mimi. Nikatazama chini.

"Ndiyo, Baba," akasema.

"Weka hapa chini ya kitanda. Usiiache mu koridori, batu ya hapa haina mchezo."

Akaiweka. Akasema anatoka kidogo, na huko nje akaanza kukimbia. Nilimwona dirishani anakatiza ua, viatu vyake vya kung'aa vinaingia matope.

Tukabaki wawili. Baba akasema, "Unipatie ile chuma." Nikaivuta, nikaiweka kitandani ubavuni mwake, nikidhani anataka tu kuigusa. Alipitisha vidole polepole kwenye matundu ambako bolti hukaa. Yalikuwa matupu. Akatafuta nati, hata moja haikuwepo. Mguu mmoja wa chuma ulikuwa umepindishwa kwa nguvu na rangi imechubuka, na baba katika maisha yake hakuwahi kupindisha chuma chake wala kumfundisha mtoto kupindisha. Vidole vyake vikasimama hapo palipopindwa. Nilisubiri aniulize. Nilikuwa nimeshatayarisha uongo.

Hakuuliza. Alitazama mabati ya paa, kisha akasema, "Rudisha chini." Na baadaye kidogo, "Nitoe hii koti, joto iko mingi."

Nikamvua koti la safari. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba amejua. Joto halikuwepo, mvua ilikuwa inaanza kunyesha tena.

Ngabu alizunguka mji mzima. Alifika kwa wauza vipuri, akakuta magurudumu yamening'inizwa mafungu kwa mafungu, yote na vumbi lile lile jekundu, na hakukuwa na alama hata moja ambayo angeweza kuweka kidole na kusema hii ni ya baba. Aliomba baiskeli kwa marafiki wa shule, ambao hawakuwa nayo. Aliporudi giza lilikuwa limeingia, amelowa, na suruali yake ya pasi imeganda matope mpaka magotini. Wenzake baba walingoja Mudzipela asubuhi mpaka jua likawa juu, wakatuma salamu, wakaondoka. Siwalaumu. Njia ilikuwa na watu wa silaha, na kundi likichelewa linawatia wote hatarini.

Baba aliishi siku ile na siku iliyofuata. Hakuuliza tena habari za safari. Ngabu alikaa miguuni pake akimdanganya kwamba mvua imeharibu barabara, na baba akamjibu, "Ndiyo, mvua ya huku njo mubaya," akamsifu tena kwa ile portibagaji. Ngabu alipotoka kuleta maji, baba akanivuta karibu.

"Usimugombeze," akaniambia. "Na usimuambie kama nilijua. Iko mutoto."

Alikufa kabla maji hayajafika. Tulimzika hapa Bunia, kwenye udongo ambao haukumjua, tukitumaini kwamba siku moja tutamhamisha. Kisha vita vikaja, vilima vyetu vikachomwa, watu wakashuka huku na magodoro kichwani, na mpaka leo hakuna aliyebaki kule wa kulisafisha kaburi la mama. Mmoja yuko kule na mwingine yuko huku. Nikiwaza hivyo usiku sipati usingizi, na dawa yake sijaiona.

Yaya Ngabu aliishi na uongo wake. Akilewa alilia kwamba alimdanganya mtu anayekufa. Nilivumilia miaka mingi, mwishowe nikashindwa kuishika ile siri, nikamwambia: Baba alijua, Yaya, alijua tangu saa ile ile, na hakukuchukia. Nilifikiri nampa faraja. Akawa anakunja na kukunjua kofia yake. Kisha akasema, "Afazali angenigombeza." Hatukuzungumza jambo hilo tena mpaka naye alipotuacha.

Ile portibagaji ninayo. Ndiyo hiyo nimeweka ndoo ya maji juu yake hapo mlangoni, na wewe huwa unaikanyaga ukiingia.

Kwa hiyo nisikilize, maana maharagwe yameisha na mimi nimechoka. Mnyororo wako upitishe kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja, ushike kitu kilichosimikwa ambacho mtu hawezi kukinyanyua, na usiuache ukalegea mpaka chini ambako utapondwa kwa jiwe. Usiufunge kwenye kiti. Usiufunge kwenye portibagaji wala kwenye gurudumu la mbele peke yake, vyote hivyo vinaondoka kwa spana moja. Kinachofunguka kifungue uingie nacho, hata kama unaingia kwa wakwe, na anayecheka mwache acheke. Kwaruza alama yako mahali ambapo wewe tu unapajua, ili siku ukikuta kipande chako kimening'inia uwe na la kusema. Baiskeli iache karibu na mama anayeuza mandazi, msalimie vizuri, nunua moja. Jicho lake litakusaidia kuliko kufuli. Na ukiuziwa gurudumu kwa bei ya kutupa na muuzaji akashindwa kukuambia limetoka wapi, mrudishie, kwa maana huenda kuna mgonjwa mahali fulani amevaa koti lake la safari, analisubiri.

Hayo ni ya chuma. La pili ni hili: mzee wako akikuaibisha mbele za watu kwa mambo yake ya ajabu, muulize kwa nini anayafanya kabla hujaenda kukaa benchi la mwisho. Na ndugu yako akipoteza kitu, mtafute mkae, mgombeze kidogo kama lazima, kisha mle pamoja. Usimwachie kimya peke yake.

Haya, inama nikushike kichwa, urefu wote huu umeutoa wapi. Mungu wa baba yangu akutangulie njiani. Akuepushe na mikono ya watu, akupe miguu isiyochoka na watu wa kukungoja. Akufikishe unakokwenda, na jioni akurudishe kwenu, wewe mzima na baiskeli yako nzima. Nenda sasa. Na ukifika pale nguzoni, anza kwa kuuhamisha ule mnyororo.