Mwalimu Asiyeuliza "Mmeelewa?"

Nikipita karibu na chuo chetu cha ushonaji hapa Songea nasikia darasa zima likiitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Hasira zinanipanda. Ndiyo ya nini? Enzi za Mwalimu Theodosia, ukiitikia hivyo unapewa mkasi na kitambaa. "Haya, nionyeshe."

Mimi ni Hilda, nina cherehani yangu Mjimwema, na kila nikikata kola namkumbuka. Amestaafu, yuko kwao Hanga analima maharage. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kufukuza kuku. Jamani, nimemkumbuka yule mama!

Mwaka wetu alikuwepo Valence, mtoto wa wakulima wa tumbaku kutoka Namtumbo. Kitambaa kilimtii. Lakini maandishi! Akiyatazama, herufi zinahama, zinarudi, zinamchezea. Shuleni kote alinusurika kwa njia moja: mwalimu akiuliza "Mmeelewa?", yeye ndiye anayeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Nani angemshuku? Kwetu, kumwambia mwalimu hujaelewa ni kama kumwambia mwenyeji mboga yake haina chumvi.

Theodosia alimgundua mapema, wala hakumtaja. Aliligeuza somo lote. Notsi za ubaoni akaachana nazo. Kila hatua ya shati akaishonea kipande chake, vipande akavitundika ukutani kwa mpangilio, uvishike, uvigeuze. Maelezo akayarekodi kwenye simu akatutumia, tukawa tunasikiliza huku tunapika. Anayetaka kuandika aandike, anayetaka kuchora achore. Mimi, mdomo wangu huu, nikalalamika kwamba anayeshindwa ni mmoja, mbona tunasumbuliwa wote?

"Hilda mwanangu, nikimwekea mmoja kigoda, nyie wengine mtamkodolea macho akikaa. Nikitandika mkeka mnakaa wote. Halafu hebu niambie, upimaji wa mkono ulikuwa umeuelewa?"

Wapi! Nilikuwa naitikia tu.

Ukaja mtihani wa mwisho, wa maandishi, na wasimamizi kutoka nje. Theodosia alihangaika huko ofisini mpaka wakakubali kwamba atakayeomba atasomewa maswali na kujibu kwa mdomo. Ila aombe mwenyewe, mbele ya watu, na mwalimu wake asiwepo chumbani. Na baba yake Valence, Mzee Pankrasi, alishatoa kauli: mtoto akifeli, anarudi kwenye tumbaku, mambo ya cherehani yaishe.

Asubuhi ile ya Juni baridi ilikuwa inauma masikio. Msimamizi akasoma masharti mbiombio. "Mwenye shida ya kusomewa aseme sasa. Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Darasa zima, na mimi nimo. Mazoea yana taabu. Na juu ya sauti zote nikaisikia ya Valence, kubwa vilevile. Mungu wangu! Nilitamani nimfinye. Karatasi zikaanza kugawiwa. Nje ya dirisha nilikuwa nakiona kilemba cha Theodosia. Kikashuka polepole mpaka kikapotea. Alikuwa amekaa chini kwenye ukoka.

Valence akaigeuza karatasi yake, akaitazama. Kisha akasimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka.

"Samahani, mwalimu. Nimesema ndiyo, lakini sijaelewa. Siwezi kusoma. Naomba nisomewe."

Hakuna aliyecheka. Tungemcheka vipi, na mkeka tulikalia mmoja? Kule nyuma Jovina, binti mkimya ambaye hatukuwahi hata kumfikiria, akanyoosha mkono. "Na mimi."

Valence alifaulu, tena vizuri. Leo anashona sare za shule kule Namtumbo, na Mzee Pankrasi anazunguka na shati la mwanawe akimwonyesha kila anayekutana naye, hata asiyeuliza. Jovina naye alifaulu.

Lakini mimi ninachokikumbuka ni kile kicheko cha Theodosia asubuhi ile ya mtihani. Kililipuka nje ya dirisha, cha kufukuza kuku kabisa, na ndani yake mtu analia. Msimamizi akakunja uso, akaenda kufunga dirisha, kelele hazitakiwi.

"Mwalimu," Valence akamwambia, bado amesimama, "naomba uliache wazi."