Msiba Usiohesabiwa Shuleni

Mimi nilisoma hadi klasi ya pili na juzuu chache za Kurani, basi. Nilianza kwa kuuza chumvi kwa kopo. Leo mjini ukitaka simenti, misumari au bati, utaelekezwa kwangu. Kwa hiyo siku nilipoitwa shule ya sekundaria kwa ajili ya mjukuu wangu, nilivaa kanzu nikaenda kifua mbele. Nilidhani naitwa kusifiwa. Binti huyu namlea tangu mama yake afariki, na vitabu anavila kama ubwabwa.

Mwalimu wake, mama mmoja mgeni wa Nampula, alinipa kiti, akasema, "Papá, mtoto huyu atapoteza mwaka."

"Kafeli?"

"Hajafeli. Ana falta nyingi."

Falta naijua: ni mtoto kutokuja shule. Nikacheka. Nikamwambia mjukuu wangu hazururi. Siku alizokosa alikuwa matangani, na aliyempeleka ni mimi: kule Mute kwa upande wa babake, kule Pundanhar alipokufa mke wa mjomba wake. Kwetu msibani haendi mtu mmoja. Nyumba inafungwa, tunahama wote mpaka matanga yaanuliwe.

"Na siku zenyewe si nyingi," nikasema.

Ndipo akanieleza jambo nisilopata kulisikia. Sekundaria si kama primaria, mwalimu mmoja asubuhi nzima. Kila somo lina mwalimu wake, na kila mwalimu anaandika falta yake. Siku moja ya msiba inazaa falta kama panya.

Kanzu ikanilowa jasho mgongoni. "Nani alitwambia hayo?"

"Yamebandikwa ukutani, papá, tangu shule ilipofunguliwa."

"Ukutani! Tena kwa Kireno! Mna habari ya mtoto wangu, mnauambia ukuta?"

Hakukasirika. Akauliza, "Na nyinyi mlipofiwa, mlituma mtu kwa nani?"

"Kila nyumba. Hata kwa jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba."

"Na shuleni?"

Kwetu kumficha mtu msiba ni kumtukana. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba shule nayo inapelekewa habari.

"Basi zifute. Zilikuwa za msiba."

Akatikisa kichwa. Kanuni yao inasamehe kifo cha baba, mama, ndugu wa tumbo moja. Mke wa mjomba hamo. Nilimkodolea macho. Kumbe kuna watu wamekaa ofisini wakapima kilio: huyu anastahili, huyu hastahili!

"Akikosa siku moja nyingine tu," akasema, "mtihani wa klasi ya kumi hafanyi."

Nyumbani nikamuuliza mjukuu wangu, "Ulijua?"

"Nilijua, babu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? 'Siendi msibani, nina hesabu'? Ungenichapa."

Ningemchapa kweli.

Mwezi mwingine haujaandama, dada yangu akafa, yule aliyenilisha nilipokuwa sina kitu. Asubuhi ile uani palijaa wanawake. Nikamwona mjukuu wangu amejifunga kanga, anachota maji ya kuoshea maiti, machozi yanamtiririka.

"Vaa uniforme," nikamwambia.

"Leo, babu?"

"Leo."

Mke wangu akanijia juu. "Bwana weye, simenti imekuingia kichwani? Mtoto apite mbele ya jeneza na mkoba begani?"

"Apite. Mfiwa ni mimi."

Akapita. Watu wakageuza nyuso; mzee mmoja akaomba istighfari kwa sauti ili nisikie. Sikujua nimefanya jema au nimejilaani. Kisha nikatuma mtu shuleni akaseme tumefiwa. Sikuomba msamaha wa falta. Habari ya msiba ni haki yao kama jirani yeyote.

Tumekwisha kuzika, tumekaa barazani, nikamwona mjukuu wangu anarudi. Nyuma yake mwalimu wake, kanga kichwani, na wanafunzi wenzake wamejitwika kuni. Mwalimu akavua viatu mlangoni, akaingia kwa wanawake. Mke wangu, aliyekuwa hasemi nami, ndiye aliyemsogezea mkeka.

Mjukuu wangu akasimama mbele yangu, mkoba bado begani.

"Sikukosa somo hata moja, babu."

Nilivuta kofia ikanifunika macho. Nikamwambia avue uniforme, aende akamlilie bibi yake.