Adhana ya Saa Nne

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu pale kamati ya sikukuu ya Uhuru ya Ujiji iliponipa kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameisomea: kuwapa habari za upepo watu walio majini. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, wakati kila jambo lilikuwa na kamati yake, na kamati yetu ilikuwa imeamua kwamba mwezi wa Desemba kutakuwa na mashindano ya mashua za tanga, kutoka ufukwe wa Ujiji hadi Mwamgongo, kule kaskazini ya Gombe. Mashua nane zilijiandikisha. Zawadi ilikuwa taa mbili mpya za karabai na wavu ambao haujapata kuguswa na samaki.

Nilichaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilikuwa mwalimu wa madrasa na nilijua kusoma hati zote mbili, ya Kiarabu na ya kizungu. Ya pili, Mola alinijalia sauti. Nilipoadhini alfajiri, watu wa mtaa wa Rusimbi walidai kwamba kwao hakuna haja ya kufuga jogoo.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Meli iliyovuka ziwa ilikuwa na redio, na kila asubuhi ilizungumza na ofisi ya bandari pale Kigoma. Ikiona hali mbaya ya hewa, karani wa bandari angeiandika kwenye karatasi, angepanda baiskeli na kuniletea Bangwe, mahali ambapo nchi inachomoza majini na mashua hupita karibu kiasi cha kuona meno ya mabaharia. Hapo ningesimama juu ya mwamba na bendera mbili. Ya kijani maana yake endeleeni. Nyekundu maana yake ingieni pwani. Mbele ya Bangwe kuna mdomo mpana wa ghuba ya Kigoma, na mashua ikishaingia pale haina pa kujificha. Kwa hiyo mimi nilikuwa neno la mwisho.

Kitambaa cha bendera hakikufika. Miaka ile vitambaa vilikuja vinapotaka wenyewe. Siku moja kabla ya mashindano nilimwendea sheikh wangu nikamwomba bendera mbili kutoka kwenye sanduku la zikri, zile tunazobeba kwenye maulidi na ambazo Ujiji nzima inazijua, moja ya kijani na moja nyekundu. Akanipa, akaniombea dua, na mimi nikaona nimeitatua shida ya kamati nzima. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Nilikuwa na jambo langu pia, nalo lilinikosesha usingizi wiki ile. Nahodha wa mashua ya mbio kuliko zote za Ujiji alikuwa na binti, na wazee wangu walikuwa wamekwenda kuposa. Nahodha aliwasikiliza, akawanywesha kahawa, akawasifu kwa adabu yao, kisha akasema, "Jibu nitawapa nikishakanyaga mchanga wa Mwamgongo. Kabla ya hapo kichwa changu hakina nafasi." Mwaka uliotangulia watu wa Mwamgongo walikuwa wamemshinda kwa nusu ya urefu wa mashua, mbele ya wake zao na watoto wao, naye hakuwa amesahau. Wazee wangu walirudi wakaniambia, "Omba dua ashinde, maana akishindwa tena huyo hatakupa hata salamu." Nikaomba. Niliomba sana.

Siku ilifika nzuri. Upepo wa milimani, ule wa asubuhi, ulisukuma mashua kutoka Ujiji taratibu, na mimi nilikuwa juu ya mwamba wangu tangu jua halijapata joto. Ilipokaribia saa nne nikaziona: vipande vinane vya tanga vikipanda kutoka kusini, na mbele ya vyote mashua ya nahodha, ikiwa imewaacha watu wa Mwamgongo kwa urefu wa kutosha. Moyo wangu ulikuwa unafanya sherehe kabla ya sherehe.

Hapo nyuma yangu nikasikia baiskeli ikianguka. Karani wa bandari alikuwa Muha wa milimani na rafiki yangu, na utani wetu ulikuwa wa kila siku.

"Mwakeye," alinisalimu kwa Kiha, akishika magoti.

"Umechelewa. Nilidhani umesimama njiani kupalilia maharage."

Hakucheka. Akanipa karatasi. Ilisema kwamba meli iko katikati ya ziwa, upepo mkali unatoka magharibi na mvua nzito, unaelekea upande wetu, mashua zizuiwe.

"Imeandikwa lini?"

"Nusu saa iliyopita. Na usinitazame hivyo. Kilima chenu ndicho kilichochelewa, si mimi."

Nikatazama ng'ambo, upande wa Kongo. Mbingu ilikuwa nyeupe tu, ila chini kabisa, palipo maji na mbingu, palikuwa na mstari mwembamba kama masizi yaliyofutwa kwa kidole. Nikaitazama mashua ya nahodha. Nitasema kweli, kwa umri wangu sina haja ya kuficha: kwa muda wa pumzi moja nilifikiri kumwacha apite. Dakika chache tu na angekuwa ameingia ghubani, akiongoza. Mwenyezi Mungu anisamehe pumzi ile. Nikainua bendera nyekundu.

Mabaharia wakaiona mara moja. Wakasimama, wakainua mikono, na sauti yao ikatufikia juu ya maji. Walikuwa wanaimba zikri. Nahodha aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akavuta kamba ya tanga, mashua ikalala upande na kuongeza mwendo.

"Wanafanya nini?" karani aliuliza.

"Wanaitikia."

"Wanaitikia nini?"

"Bendera ya maulidi. Wanadhani nimekuja kuwaombea baraka."

Karani aliitazama bendera, kisha mashua. "Kwa hiyo umewaambia waongeze mwendo."

"Inaelekea hivyo."

"Basi ipunge kwa nguvu, waelewe."

Nikaipunga kwa nguvu. Wakaimba kwa nguvu. Karani akaninyang'anya mti wa bendera akaupunga yeye, akiruka juu ya mwamba, na kule chini mashua ya pili nayo ikaanza kupiga makofi. Nikapiga kelele: rudini, upepo, rudini. Lakini mtu aliye majini akikuona unaruka na kupiga kelele ufukweni, husikia shangwe tu. Baharia mmoja alinivulia kofia.

Ule mstari wa ng'ambo ulikuwa umenenepa.

Hapo likanijia jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua na ambalo kamati haikuliandika. Ujiji, dhoruba inapokuja, wazee husimama mlangoni wakaadhini, si kwa kuita sala, bali kumwomba Mola autulize upepo. Wavuvi wetu hufanya hivyo hata wakiwa majini. Mtoto wa Ujiji akisikia adhana na wakati wa sala haujafika, hatazami msikiti, hutazama mbingu. Nilisita kidogo, kwa kuwa dhoruba ilikuwa bado haijatufika, na mwalimu wa madrasa hapaswi kuichezea adhana. Nikajiambia kwamba Mola anajua nia. Nikatia vidole masikioni. Kibla kilikuwa kaskazini. Nikakiacha, nikawaelekea wao.

Kwenye takbira ya kwanza waliendelea kuimba. Kwenye ya pili wimbo ulikatika kama uzi. Nilimwona nahodha akisimama kwenye usukani. Alilitazama jua, akaliona liko saa nne. Kisha akageuza shingo polepole kuelekea magharibi.

Sijaona mtu akigeuza mashua kwa haraka vile. Tanga lilipiga, baharia mmoja akaanguka chali, na mashua ikaingia kwenye kighuba kilicho chini ya mwamba wetu. Watu wa Mwamgongo walikuwa Wakristo, na adhana yangu haikuwaambia kitu. Lakini walimjua yule nahodha. Mtu ambaye angekubali kung'olewa jino kuliko kuachia nafasi ya mbele, akiiachia mwenyewe, huna haja ya kuuliza sababu. Wakageuka nyuma yake, na wengine nyuma yao. Nilikuwa nahesabu. Mashua ya nane ilipogusa mchanga, upepo ulifika.

Ulikuja na ukuta wa mvua, na ziwa likawa jeupe. Ulimwondolea karani bendera mkononi, ukang'oa mabati mawili ya nyumba iliyokuwa karibu, ukatulaza kifudifudi juu ya mwamba. Pale ghubani, mahali ambapo wangekuwa wakati ule, mawimbi yalikuwa yakipanda juu ya mawimbi mengine. Kule chini wanawake wa Bangwe walikimbia mvuani wakashika kamba pamoja na mabaharia, wakazivuta mashua zote nane juu ya nchi kavu. Hakuna aliyepotea. Hakuna aliyeumia, isipokuwa baharia aliyeanguka chali, naye aliumia heshima.

Nilipokuwa nakamua kanzu yangu, bibi mmoja alipanda njia ya mwamba, kanga imemganda kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyeadhini?"

"Ni mimi."

"Nimeswali Adhuhuri. Rakaa nne zote, na sunna. Natoka nje namuuliza mjukuu, ananiambia ni saa nne."

"Nisamehe, bibi. Itabidi uirudie wakati ukifika."

"Nitairudia. Na maji ya udhu utanichotea wewe."

Nikashuka kumchotea maji, na mvua ikinimwagikia kichwani. Karani alinifuata hadi nyumbani kwa bibi kwa ajili ya kunicheka tu.

Niliporudi, nahodha alikuwa amekaa kwenye jiwe, anakung'uta maji kwenye viatu vyake vya matairi. Nikamsalimu. Aliitikia bila kuinua macho.

"Ile bendera," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nilidhani umekuja kujipendekeza."

"Hapana, baba. Nyekundu ni ya hatari."

"Bendera ya maulidi ni ya hatari?"

Karani alicheka hadi akakaa kwenye tope. Nahodha alimngojea amalize.

"Nilikuwa naongoza."

"Niliona, baba."

"Kwa urefu wa mashua mbili."

"Mbili na nusu."

Akainua macho. "Uliona na nusu?"

"Niliona, baba."

Alivaa kiatu kimoja, akafikiri, akavaa cha pili. "Na lile jibu lenu. Nilisema nikikanyaga mchanga wa Mwamgongo. Huu ni mchanga wa wapi?"

"Wa Bangwe, baba."

"Basi," alisema, akashuka kuitazama mashua yake.

Kamati ilikutana jioni ile na kuyafuta mashindano. Karabai moja ilikwenda Ujiji na moja Mwamgongo, na wavu wakapewa wanawake wa Bangwe waliovuta kamba. Kila mtu aliridhika, isipokuwa mimi. Nilikwenda kulala nikijiona mtu aliyeokoa mashua nane na kupoteza mke mmoja. Nilishukuru kwa zile nane, na kwa hilo la pili nikamwomba Mola subira.

Asubuhi baharia alinigongea mlango. "Nahodha anasema kama unataka jibu, lifuate. Kule Mwamgongo wamepika chakula cha mashua nane na hakuna wa kukila."

Nikamfuata Bangwe, nikapanda mashua. Mimi nimezaliwa mita mia tatu kutoka majini, lakini watu wa kwetu ni watu wa vitabu na duka. Ziwa tunalitazama tu. Tulikuwa hatujauvuka mdomo wa ghuba nami nimeshainama ubavuni mwa mashua. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kunawa, jambo ambalo mabaharia hawakuacha kunikumbusha.

"Mwalimu, tukuitie upepo, upate kisingizio?"

"Mwacheni," nahodha alisema kutoka kwenye usukani. "Analisha samaki wetu. Ni sadaka hiyo."

Watu wa Mwamgongo walikuwa wakirudi kwao, mashua yao kando ya yetu. Hakuna aliyetamka neno la kushindana. Lakini baada ya Gombe niliona kamba zinavutwa huku, na kule pia zinavutwa, na mazungumzo yakakoma katika mashua zote mbili. Wao waligusa mchanga kwanza, kwa nusu ya urefu wa mashua.

Nahodha alishuka. Alisimama na maji yakimfika vifundoni, akiwatazama watu wa Mwamgongo waliokuwa wakicheza ufukweni. Mimi nilitolewa mashuani nimeshikwa makwapa huku na huku. Nikaketi, nikamsikia anakuja.

"Umeniona nikishindwa?"

"Nimekuona, baba."

"Kwa kiasi gani?"

"Sikuona vizuri, baba. Nilikuwa nimeinama."

Akakohoa, na nikagundua kwamba alikuwa anacheka. "Jibu mama yake binti alilitoa mwezi uliopita. Mchele umeshachaguliwa, na mikeka imeshasukwa. Nyumba nzima ilikuwa inanisubiri mimi tu nitoe kauli, nami sikupenda kuharakishwa na wanawake."

Wenyeji walituita kwenye jamvi lililotandikwa kivulini mwa nyumba, wakaleta ugali wa muhogo na migebuka ya kuchoma. Tumbo langu lilikuwa bado linasafiri. Nahodha aliketi kulia kwangu, akamenya samaki mkubwa kuliko wote, akaondoa mifupa kwa vidole vyake vilivyochanwa na kamba, akauweka mnofu mbele yangu.

"Kula, mkwe," alisema.

Nikala wote.